Maji Yanang'ata

Chita,
11 Februari 2024

Mama Sikitu, shikamoo.

Nimefika kambini salama. Simu zetu zilikusanywa siku ya kwanza na tutarudishiwa mafunzo yakiisha, kwa hiyo itabidi tuandikiane. Obadia, kondakta wa basi la Mlimba, anashusha mizigo hapa getini na amekubali kubeba barua. Ukitaka kunijibu, mpelekee stendi.

Niliondoka haraka, sikukueleza vizuri mambo ya stoo. Naeleza sasa, na naomba usome taratibu.

Zile taa ndizo jua la miche yangu. Stoo haina dirisha, na bati letu unalijua, mchana mle ndani ni tanuri. Taa nazo zina joto lake. Desemba niliziwekea feni, bado taa zikaungua zote, miche ikaanza kunyauka. Ndiyo maana safari hii nimezibandika kwenye lile bomba la mraba la aluminiamu ambalo mafundi wanatengenezea fremu za madirisha, na ndani ya bomba nikapitisha maji. Pampu ndogo iliyo kwenye pipa la bluu inayasukuma juu, yanapita mgongoni mwa taa, yanachukua joto, yanarudi kwenye pipa kwa mpira wa pili. Nilitengeneza mwenyewe na inafanya kazi kuliko mitambo ya dukani.

Kazi yako ni ndogo. Asubuhi washa pampu kwanza, halafu taa. Jioni zima taa kwanza, halafu pampu. Maji yakipata moto, toa nusu, weka ya baridi. Miche inyunyizie kwa lile kopo lenye matundu. Basi.

Jambo moja. Baba alikuwa anaitaka stoo kwa magunia ya mpunga. Akirudi safari atakwambia uachane na taa. Usimsikilize. Usimsikilize mtu yeyote, fundi wala jirani, maana anayeujua ule mtambo ni mimi peke yangu. Kama kuna la kubadilisha utaliona kwa mwandiko wangu.

Miche ni ya utafiti wa chuo. Ikifa, sina kingine.

Justa Kelestini


Ifakara,
22 Februari 2024

Mwanangu Justa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kutoka kwa Obadia mwenyewe, nikaisoma mara nyingi mpaka nimeishika kichwani. Sisi hatujambo. Sikitu anakuulizia kila akiona mtu amevaa kombati. Baba yako amepakia mpunga wa watu kwenye fuso, amekwenda Dar.

Nikuambie ukweli, siku ya kwanza niliogopa. Nilisimama mlangoni pa stoo nikaisikiliza ile pampu inavyonguruma ndani ya maji kama mdudu aliyefungiwa, nikashindwa kuingia. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Nyumbani kwetu umeme ulifika nikiwa nimeshaolewa huku bondeni. Lakini niliwasha, taa zikawaka, maji yakazunguka, na miche yako ikawa ya kijani hata mimi nikaipenda. Sikitu anaiita chumba cha jua.

Miaka yote hii niliyokaa kwa baba yako hujawahi kuniachia hata ufunguo wa sanduku. Najua si rahisi mtu kumwona mwanamke mwingine kwenye jiko la mama yake, tena Msukuma, wakati kila siku redioni ni ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sikulaumu. Ninachotaka kusema ni kwamba umeniachia hiki, na nitakitunza. Wabeja, asante.

Mvua zimeanza vizuri. Mkono wangu wa kulia unakufa ganzi kidogo nikichota maji ya lile pipa, nadhani ni kwa ajili ya kupepeta mpunga wiki nzima. Siyo kitu.

Kula vizuri, na usibishane na wakubwa zako.

Minza


Chita,
3 Machi 2024

Mama Sikitu, shikamoo.

Nimefurahi kusikia miche iko kijani. Huku ni kukimbia mchakamchaka kabla ya jua na matope mpaka kiunoni. Sijambo.

Nimefikiria joto la maji. Hukuniambia unapimaje. Usikisie kwa kuangalia, wala usichote kwa kopo, maana juu yanaweza kuwa ya moto na chini baridi. Ingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko, ukoroge, usikilize. Ukisikia ni ya moto kuliko mwili wako, badilisha. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Taa zikiungua tena sina namna ya kupata nyingine.

Ukiona unyevu umejikusanya juu ya bomba usiufute, ni jasho la kawaida la chuma chenye maji baridi.

Pole na mkono. Pakaa dawa ya kuchua.

Justa


Ifakara,
19 Machi 2024

Mwanangu Justa,

Nafanya kama ulivyoagiza. Mara tatu kwa siku naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji hayajapata moto wa kutisha.

Ganzi haijaisha. Dawa ya kuchua nimepaka mpaka chupa imekwisha. Kinachonishangaza ni kwamba inanishika mle stoo tu, na inazidi siku ambazo sakafu imelowa, inapanda mpaka begani kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Nikivaa ndala siisikii. Jirani yetu Dorotea anasema ni baridi ya saruji, nami naona ndivyo, kwa sababu huku kila kitu kimelowa, hata chumvi.

Juzi Sikitu alinifuata pekupeku akachovya vidole kwenye pipa. Alipiga ukelele mpaka Dorotea akaja mbio. Nilimwangalia vidole, havina alama. Nikamuuliza, "Umeumia wapi?" Akaniambia, "Mama, maji yanang'ata." Nilicheka, nikamwambia maji hayana meno. Sasa akisikia nafungua stoo anakimbilia kwa Dorotea na harudi mpaka nifunge.

Kuna jambo jingine. Leticia, mdogo wake marehemu mama yako, alikuja kutoka Sanje kututembelea. Nilimwonyesha stoo kwa kujivuna. Alisimama mbele ya ile miche akaanza kulia. Akaniambia ndiyo migomba ya mama yako, ile ya chini ya mlima, kwamba ugonjwa wa mnyauko umemaliza shamba lote, na kwamba uliliwahi chipukizi la mwisho ukalipeleka maabara likazalishwa kwenye chupa. Mimi uliniambia ni utafiti wa chuo.

Sikuudhika, Justa. Ningekuwa wewe labda nisingesema pia. Ila sasa nimejua ninachokitunza, na siwezi kukifanyia uzembe. Hata ganzi inishike mpaka shingoni, zile taa hazitazimika mchana mikononi mwangu.

Minza


Chita,
31 Machi 2024

Mama Sikitu,

Kabla hujasoma mstari mwingine, zima. Usiingie stoo. Nenda sebuleni, ishushe swichi kubwa iliyo juu ya kochi, nyumba nzima ikose umeme, halafu ndiyo uendelee kusoma. Huu ni mwandiko wangu. Unaujua.

Jana tulipelekwa kusaidia shamba la mtu binafsi nje ya kambi. Kwenye kisima chake kuna pampu ya umeme, na mvua imefanya dimbwi pembeni. Mbwa wa pale alikwenda kunywa. Hakubweka hata mara moja. Alikunja miguu akalala ndani ya maji kama aliyechoka. Mwenzetu mmoja alitaka kumvuta, na afande Evod, ambaye ni fundi umeme, akamkamata kola akamtupa nyuma. Akatuambia waya umechubuka, umeme umeingia majini, na pampu ile haina waya wa athi, ule unaozikwa ardhini ili umeme ukivuja uende udongoni usimsubiri mtu.

Halafu akasema, "Mara nyingi kunakuwa na dalili. Mtu anasikia ganzi. Anadhani ni baridi."

Nikaikumbuka barua yako ya Februari, ulivyoniambia kuhusu mkono, na mimi nikakujibu upake dawa. Tuliporudi nikakuta barua yako ya pili imefika. Nimesoma habari za Sikitu.

Zile taa nilizinunua za bei rahisi. Umeme wa ukutani unaingia ndani yake moja kwa moja, hakuna kifaa cha kuupunguza, na kinachoutenganisha na bomba ni ngozi nyembamba kama karatasi. Ngozi hiyo ikichoka, bomba lote lina umeme, na maji yanayopita ndani yana umeme, na pipa. Sikuweka athi. Nilifikiria joto tu. Na nikakwambia uingize mkono mpaka kwenye kiwiko.

Nilimwendea afande Evod nikamweleza yote. Hakunigombeza, alitoa simu yake tu. Namba yako siijui kwa kichwa. Naijua ya baba peke yake. Baba amepokea, yuko Dar bado, amesema atakupigia sasa hivi akuambie uzime. Lakini naandika na barua pia.

Usiguse pipa. Usiguse bomba. Sikitu asiingie kabisa. Miche iache ife.

Justa


Ifakara,
2 Aprili 2024

Mwanangu Justa,

Nakuandikia haraka maana basi la Obadia limekwama Mngeta, namtuma mwenzake anayejaribu kupita kesho.

Juzi baba yako alipiga simu, mtandao unakatika katika. Alisema, "Zima taa za Justa, mwenyewe ndiye kasema, amenipigia." Nikamuuliza, "Amekupigiaje na simu zimekusanywa?" Akasema, "Kwa simu ya afande." Nikajisemea, haya, afande gani atampa kuruta simu kwa ajili ya taa za migomba. Halafu akaongeza kwamba mpunga wake utalowa, stoo iwe wazi. Nikaelewa. Nikamwambia ndiyo, nimezima, ili akate simu kwa amani.

Sijazima. Uliniambia nisimsikilize, na kwamba la kubadilisha nitaliona kwa mwandiko wako. Usiwe na wasiwasi kabisa.

Wasiwasi ni mto. Lumemo umejaa, watu wa kule chini wanahama na magodoro kichwani. Kwetu maji yamefika uani, bado hayajavuka kizingiti. Ikibidi nitaipandisha miche yako juu ya kabati kabla ya kitu kingine chochote.

Ganzi iko vile vile. Nimeizoea.

Minza


Chita,
7 Aprili 2024

Mama,

Sijui kama barua hii itakufikia. Sijui kama kuna wa kuifungua.

Baba alimpigia afande akasema umeshazima. Niliamini. Nilikula, nililala, niliimba kwenye mchakamchaka. Leo wameniletea barua yako ya tarehe mbili. Nimeisomea jikoni nikiwa na sufuria mkononi, nikaiangusha, wakadhani nimeungua.

Obadia bado amekwama Mngeta na barua yangu ya kukuambia uzime ipo kwenye mfuko wake. Afande Evod ameomba namba yako kwa baba na amepiga tangu asubuhi. Hupatikani. Amempigia mtu anayemfahamu Ifakara, naye hapatikani. Wanasema minara ya simu ya huko imekosa umeme tangu juzi. Afande amenituliza, ameniambia, "Kama umeme umekatika, basi na taa zako zimezimika." Kisha akapiga tena namba yako, na mimi nikajua anachowaza. Umeme unarudi. Unarudi bila kubisha hodi, na wewe uko mle ndani unaokoa miche.

Nimeomba ruhusa. Wamesema barabara ikifunguka nitakwenda, kabla ya hapo hakuna anayetoka. Treni ya abiria imesimama. Kuna injini ya matengenezo inapita leo, barua hii nampa fundi wa reli, anaitwa Martin, ameniapia ataifikisha mpaka mlangoni hata kwa kutembea.

Mama, hii si hila ya baba. Zima. Kama uko juu ya kabati, kaa huko huko. Kama Sikitu yuko kwa Dorotea, mwache huko. Nimejaribu kukumbuka sura ya stoo, pipa lilipo, mlango unavyofunguka, unakanyaga wapi ukiingia. Kila nikikuweka mle ndani kwa mawazo, unakuwa pekupeku.

Ulisema umeizoea ganzi. Nimeshindwa kuusahau ule mstari.

Naogopa sana. Nijibu hata kwa neno moja.

Justa


Ifakara,
15 Aprili 2024

Mwanangu Justa,

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Anayeandika ni Dorotea, mimi nasema. Niko hai, Sikitu yuko hai. Nimemwambia aanze na hilo.

Maji yaliingia ndani asubuhi ya tarehe nane. Umeme ulikuwa umekatika siku tatu. Sikitu nilimpandisha kitandani, nikaanza kuhamisha mpunga. Obadia akaja, ameletwa na trekta, akanipa barua yako dirishani. Ilikuwa nene. Nikasema, maagizo ya Justa haya, nitayasoma nikitulia, nikaiweka kifuani ndani ya kitenge.

Halafu nikaingia stoo. Sakafu ya mle iko chini kidogo, maji yalifika kwenye muundi. Nilitoa trei moja nikaipandisha juu ya kabati. Nikarudi kuchukua nyingine. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia nimelishika bomba ili nisiteleze. Taa zikawaka.

Sikusikia mlio wowote. Nakumbuka niliuambia mkono uachie, ukakataa. Nikawa naziona taa zinang'aa, nzuri, na naisikia sauti ya Sikitu chumba cha pili ananiita, na siwezi kumwitikia. Basi. Mengine anayajua Dorotea.

Nimetoka hospitali juzi. Mkono umefungwa. Vidole viwili havikunji, daktari anasema tusubiri. Barua yako Dorotea aliitoa kifuani kwangu, akaianika wodini akanisomea. Ilikuwa imelowa. Neno "zima" lilisomeka, na hapo kwenye swichi kubwa. Chini wino ulikuwa umetawanyika wote. Kwa hiyo nimeelewa kwamba ulijua mafuriko yanakuja, ukanionya nizime kabla maji hayajaingia. Na baba yako alikuwa anasema kweli. Ni mimi niliyejifanya mjanja.

Trei moja ndiyo imepona. Iko kwenye baraza ya Dorotea, chini ya kivuli cha nyasi, na inatoa majani bila taa yoyote. Zilizobaki zilikwenda na maji. Nisamehe.

Lile bomba na taa zake hatukulitupa. Masanja, ndugu yangu wa ukoo anayeishi Mkula, alikuja kunijulia hali, akaliona limeegemezwa ukutani. Ana vifaranga, anahangaika na joto na mwanga. Akaniuliza kama ni zima, tukalijaribu kwenye soketi, likawaka. Nikampa na pampu na pipa. Kule kwake ni mlimani kidogo, hakuna mafuriko. Alishukuru sana. Angalau kazi ya mikono yako haikupotea.

Minza

Hapa ni mimi Dorotea. Minza amelala, naongeza ambayo hakutaka niandike. Nilikuja mbio kwa kelele za Sikitu, na nilipofika mlangoni pa stoo Minza alikuwa amesimama wima, macho wazi, hanioni. Nilipanda juu ya kochi nikaishusha ile swichi kwa mchi wa kinu. Akaanguka kama gunia. Hakuwa anapumua. Nilimvuta, nikampiga kifua, nikampulizia mdomoni kama tulivyofundishwa zamani kliniki, mpaka akatapika maji. Mtoto aliona yote. Mpaka leo kumnawisha mikono ni vita, tunamfuta kwa kitambaa. Na Minza akisikia friji yangu inawaka anashika ukuta. Fundi wa reli ameleta barua yako nyingine leo hii, nimeifungua ila sijamsomea bado. Nimeisoma peke yangu, na sikuielewa yote, ila nimeelewa kwamba unaogopa. Njoo, mwanangu.

Dorotea


Mkula,
21 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa Masanja. Ningeweza kumwomba simu yake nikupigie. Mambo haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Barua yenu ilinifikia jana. Nilisoma kwamba uko hai nikakaa chini kwenye matope. Nikaendelea kusoma mpaka kwenye habari za Masanja, nikainuka. Sikuwa na namba yake, na yako jana ilikuwa haipatikani. Afande Evod hakuniuliza mara mbili. Alikwenda mwenyewe kuniombea ruhusa, akanipa testa yake ya kupimia umeme, akanipandisha kwenye lori la kwanza lililopita.

Mama, mafuriko hayakukupiga. Ni bomba. Lilikuwa na umeme tangu Februari, siku ile uliyoniandikia kwamba mkono unakufa ganzi. Sikujua mto utajaa. Chini ya wino uliotawanyika nilikuwa nimeandika kwamba kosa ni la mtambo wangu, kwamba sikuweka waya wa athi, na kwamba lingeua hata kwenye sakafu kavu, mtu akiingiza mkono kama nilivyokuagiza. Barua ya fundi wa reli nayo Dorotea alikuficha kwa huruma. Kwa hiyo hukujua ulimpa nini ndugu yako.

Nilifika Ifakara asubuhi. Lori lilipita njia panda ya kwetu. Niliona bati letu na nguo za Sikitu kwenye kamba ya Dorotea. Sikushuka. Nilihesabu, kama nikishuka nitakukumbatia, nitalia, tutaketi, na huku Mkula kuna mtu anabadilisha maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipoingia uani nilimwona mke wa Masanja, Yunis, yuko pekupeku, ameshika ndoo, anasukuma mlango wa banda la vifaranga kwa goti. Mwanga ule mweupe ulikuwa unamwagika miguuni kwake. Nilipiga kelele, "Usiingie!" Akasimama. Masanja akatoka nyuma ya nyumba, akaniangalia na kombati yangu.

"Binti," akasema, "kwenu hamwaamkii watu?"

"Shikamoo baba. Mwambie mama asiingie humo. Mwambie aweke ndoo chini."

"Wewe nani?"

"Ni Justa wa Kelestini. Hizo taa ni zangu."

Alidhani nimekuja kunyang'anya. Akaanza kunieleza kwamba alipewa, hakuiba, kwamba Minza ni ndugu yake. Nikamwambia sitaki kuzichukua, nataka kuzizima. Akasema vifaranga watakufa. Tulikuwa tunabishana hivyo, na Yunis bado ameshika ndoo, nami namtazama vidole vyake vya miguu kwenye unyevu. Mwishoni nilimuuliza yeye, si mumewe. "Mama, ukichota maji ya pipa hili, mkono unakuwaje?"

Akamtazama mumewe. Akasema, "Unawasha. Nilimwambia huyu, akasema ni sabuni."

Nikavua buti moja nikampa avae, nikabaki na moja, na sikuona aibu. Nikaingia nimesimama juu ya ubao mkavu, nikachovya testa ya afande Evod kwenye pipa. Ile taa yake ndogo ikawaka ndani ya maji ya kawaida, maji ambayo ukiyatazama unaona kivuli chako. Masanja aliona. Hakusema tena habari za vifaranga. Alikwenda mwenyewe kwenye swichi kubwa akaishusha.

Tumezing'oa zile taa moja moja. Nimezipondaponda kwa nyundo juu ya jiwe mpaka zikawa unga, ili asipatikane wa kuziokota. Bomba nimelikata vipande. Pampu nimeikata waya. Vifaranga tumewaweka kwenye boksi karibu na jiko la mkaa, na Yunis anasema bibi yake aliwalea hivyo hivyo na hakuna aliyekufa.

Baada ya chakula aliniuliza habari zako. Nikamweleza yote, mkono, vidole viwili, Dorotea na mchi. Akaniuliza, "Mama yako sasa yu mzima?" Nikamwambia yu mzima. Akaniuliza, "Umemwona?"

Nikachukua karatasi.

Kuna pikipiki inakwenda Ifakara sasa hivi, barua hii itakufikia kabla sijafika. Nimetaka iwe hivyo makusudi. Mwambie Dorotea akusomee yote, asiruke mstari, na ile ya fundi wa reli pia. Mimi nitakuja kesho na basi la asubuhi. Kama ukishasoma hutaki kuniona, mtume Dorotea akae barazani kwake. Nikimkuta pale nitaelewa, nitawasalimu kwa mbali nirudi kambini.

Naogopa kuliko nilivyoogopa pale bandani. Lakini nitashuka.

Justa